Mama Alipomwandikia Mbunge Wako

Ibra, Sharqiya
12 Agosti 1984

Mpendwa kaka Nadhir,

Shikamoo. U hali gani huko Amerika, na kifua chako kimetulia? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama macho yamezidi kufifia, lakini ulimi ungali mzima, hilo usitie shaka.

Tende mwaka huu zimezaa sana. Mume wangu Thuwaini kaleta nyingine kutoka mji wa Adam, na Mama keshakuwekea mkebe wako.

Barua yako ya Mei ilitufika. Nilipomsomea Mama kuwa Bwana Tolliver, mbunge unayemfanyia kazi, anagombea tena naye ana miaka sabini na tisa, alinambia nirudie. Kisha akasema, "Huyu kaingia bungeni wewe Fakhriya hujazaliwa. Hachoki?"

Tangu uingie ofisini kwake, kaka, kila miaka miwili ni uchaguzi, na kila mara watwambia: huu ukisha, nakuja. Zimepita chaguzi saba. Hatukumlaumu mzee wa watu. Ndiye aliyekupigania karatasi ulipofika huko baada ya mapinduzi ya Unguja, huna pasi wala nchi.

Sasa nikwambie tulilolifanya. Mama alinikalisha niandike, kwa Kiingereza, barua ya kwenda kwa Bwana Tolliver mwenyewe. "Mwambie mimi mzee na yeye mzee. Yeye ana watu wa kumchagua miaka thelathini na nne. Mimi nina mwana mmoja wa kiume. Aniazime japo mwezi." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaipeleka posta.

Jibu limekuja wiki iliyopita, sahihi yake imetetemeka kama ya Mama. Anasema kila uchaguzi ukisha hukupa likizo ya kwenda kwenu, nawe huikataa. Anaomba radhi. Hakujua, anasema, kuwa mama yako yu hai.

Mama alikuwa mbele yangu, kashika bahasha. "Anasemaje?"

Kaka, nilimdanganya. Nilimwambia Novemba ikipita atakuruhusu. Akaibusu ile bahasha, na tangu siku hiyo kila akisali humwombea mzee yule ashinde.

Nadhani najua kinachokuzuia. Ni haya ya kutofika mazishi ya Baba. Wallahi, hapana aliyekuhukumu. Baba mpaka siku yake ya mwisho alikuwa akilitaja jina lako kwa fahari, na nafasi yako kwenye busati hatujampa mtu. Mimi mwenyewe nikisikia gari kusimama mlangoni, moyo hunambia ni wewe.

Thuwaini akusalimu, na shangazi Radhia wa Sur, na binti yangu Shukriya, ambaye hajawahi kukuona. Mungu akuhifadhi, akufungulie njia.

Ashinde asishinde mzee wako, wewe njoo. Usiandike sababu. Mimi ndiye ninayemsomea Mama, na sina uwongo wa pili.

Mdogo wako anayekupenda na kutamani kukuona,
Fakhriya