Tumbaku Haipandi Meli Inayonuka

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Asubuhi nzima mikataba. Nimepiga taipu kurasa kumi na moja, vidole vinauma. Mchana Bwana Seif, mkuu wangu, amenisomesha tena siku za kupakia: meli ikiwa tayari na sisi tukaipokea, ndipo siku tulizopewa za kujaza mzigo zinaanza kuhesabiwa. Kabla ya hapo ikae hata mwezi, shauri yake. Safari hii nimeelewa. Babu zake mzee huyu waliuza nta hapa hapa Tabora. Anafundisha polepole. Ukikosea hagombi, anavua miwani tu. Naiogopa ile miwani kuliko fimbo.

Wiki tatu zimebaki za majaribio yangu kwenye meza ya meli. Nikishindwa narudi Usoke, ghalani, kupima marobota ya tumbaku. Sitaki. Kapama wa meza ya reli ananiita Nahodha wa Nchi Kavu, eti kwa sababu bahari sijaiona. Na yeye je? Kaiona kwenye kalenda.

Alhamisi, 6 Agosti

Mambo yameiva. Bandarini mizigo imejaa, meli za kawaida hazina nafasi, kwa hiyo ofisi yetu ya ushirika inakodi meli nzima kwa tumbaku ya vijiji vyetu. Mara ya kwanza. Leo dalali wa meli wa Dar ameleta simu ya maandishi: meli ipo, ukubwa unatosha, tarehe zinatufaa. Anataka jibu kabla ya kesho saa kumi alasiri, la sivyo anampa mwingine. Ofisi nzima shangwe.

Mimi nikauliza: safari iliyopita ilibeba nini? Bwana Seif akavua miwani. Nikajua nimeharibu. Kumbe alikuwa anafikiri. Akasema niulize Dar.

Jibu limekuja jioni: mizigo mchanganyiko. Hilo ni jibu gani?

Ijumaa, 7 Agosti

Nimegombana na Meneja wa ofisi. Niliandika sharti: tutakagua ngama, yaani tumbo la meli, kabla ya kuipokea. Ikinuka tunaikataa. Kapama kacheka mpaka kakohoa. Meneja anasema dalali atakasirika, meli itakwenda zake, na tumbaku italala ghalani mpaka ioze kwa mvua.

Nimemwambia tumbaku inavuta harufu. Mwaka mmoja shangazi alitundika samaki, migebuka, kwenye bani letu la kukaushia, na tumbaku yote ya baba ikakataliwa sokoni. Hatukununua nguo mwaka mzima. Krismasi shangazi hakuthubutu kuja.

Meneja kanijibu mbele ya watu wote: "Meli hii ikitukimbia kwa ajili ya pua yako, binti, Jumatatu ufungashe."

Bwana Seif akasema sharti hilo ni lake pia. Akatia sahihi. Nilitaka kulia, nikajikaza. Simu imeondoka saa tisa na nusu.

Jumamosi, 8 Agosti

Hakuna jibu. Naogopa. Nimefua nguo zisizo chafu.

Jumatatu, 10 Agosti

Dalali amekubali! Kanung'unika mistari mitatu, lakini kakubali. Kapama kainamia makaratasi yake kama aliyedondosha sindano.

Goti la Bwana Seif limevimba, hawezi safari. Nakwenda kukagua mimi. Mayo wane, mama yangu!

Jumatano, 19 Agosti

Dar. Mifupa yote inauma. Treni ilikaa stesheni ya Tura hata abiria wakaanza kuzoeana kama majirani. Nilikuwa nakariri mkataba. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alidhani nasali, akanipa kiazi.

Meli kesho asubuhi.

Alhamisi, 20 Agosti

Niandike kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Nimeshuka ngamani kwa ngazi ya chuma, nimevaa suruali ya kuazima. Nahodha, Mgiriki mnene, mpole. Dalali na tai yake. Ngama imeoshwa, imepakwa rangi, inanukia sabuni. Dalali akaninyooshea karatasi ya kuipokea meli nitie sahihi. Nikasema kwanza fungeni mfuniko.

Wakatazamana. Nikaeleza kuwa kwetu bani halikaguliwi mlango ukiwa wazi. Unajifungia humo mpaka hewa itulie. Dalali kacheka. Nahodha kainua mabega, wakafunga, nikabaki na baharia mmoja mwenye tochi. Joto, jasho. Dakika kumi, sabuni tu. Moyo ukaanza kunishuka. Nikamfikiria Meneja. Nikafikiria ghala la Usoke.

Kisha ikaja harufu. Ngozi mbichi za chumvi! Kutoka chini, kwenye mbao za sakafu. Nikapiga kelele wafungue. Zilipong'olewa mbao mbili tu, maji meusi yalikuwa yametuama, na dalali akajiziba pua kwa tai yake. Nilimcheka waziwazi. Adabu baadaye.

Sikutia sahihi. Akadai siku za kupakia zimeshaanza tangu asubuhi. Alaa! Nikamfungulia kifungu: haijakaguliwa ikakubalika, haijawa tayari. Akasoma. Akarudia. Akakunja karatasi yake. Nahodha akaanza kuwaita watu wake waje na ndoo.

Nimeshinda. Mimi, Skola wa Usoke, nimeshinda!

Jumatatu, 24 Agosti

Mbao zimebadilishwa, ngama imesuguliwa na kukaushwa, siku tatu, zote kwa gharama yao. Leo nimejifungia nusu saa nzima. Safi. Nimetia sahihi. Robota la kwanza limeshuka saa nne asubuhi. Nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Bahari nimeiona. Kubwa, sawa. Sikuwa na nafasi nayo.

Ijumaa, 4 Septemba

Tabora. Meneja kaniletea barua mwenyewe mpaka mezani: majaribio yamekwisha, nabaki meza ya meli. Hakuomba radhi. Nimemsamehe hivyo hivyo, leo nina moyo mkubwa. Bwana Seif kasema "hongera, binti," akarudi kusoma. Kapama kaniuliza, kwa sauti ya chini, siku za kupakia maana yake nini hasa. Nimemweleza polepole.

Jumatano, 16 Septemba

Ofisi kimya. Bwana Seif amekwenda hospitali kwa ajili ya goti. Imekuja simu ya maandishi kutoka kwa dalali, na juu limeandikwa jina langu. Ana meli kwa mzigo wetu wa pili. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya ukubwa, kabla ya tarehe: safari iliyopita ilibeba chai.

Hakuna aliyemuuliza. Nimeisoma mara mbili, nikaweka karatasi kwenye taipureta, nikaanza kumjibu.