Ng'ombe wa Bluu wa Minza

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limekuachia uende mwenyewe kuitazama kahawa. Mama naye, kifua kimetulia? Mimi huku Simiyu mwili ni mzima. Moyo ndio una kesi, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenipongeza tena, nami ningenyamaza tena.

Najua bahasha umeshaipapasa ukitafuta cheti. Hakimo. Kaka ameniambia umeshapigilia msumari sebuleni, na Mbinga nzima umeitangazia kwamba Skola wako ni mwalimu mbunifu. Baba, ngoja nikueleze nilikipataje.

Nilikuwa nafundisha takwimu darasa la sita. Mifano ya kitabuni ilikuwa magari na machungwa, watoto wakawa wanasinzia. Nikasema hapa ni Usukumani, twende na ng'ombe. Kila mtoto akahesabu zizi la kwao, akachora kwenye daftari, halafu kwenye karatasi kubwa ya manila: picha moja kwa kila ng'ombe watano. Darasa lilichangamka, usipime! Hata wale wa viti vya nyuma waligombania kalamu.

Minza, binti mmoja mpole anayeandika kwa kubana herufi, alichora kwa rangi mbili. Nikamuuliza kwa nini.

"Madamu, hawa wekundu ni wa kwetu. Hawa wa bluu ni wa mzee Sayi, tunamtunzia tu. Baba anakamua na kulimia, ila ndama ni wa mwenyewe."

Nilifurahi mno. Nikampigia tiki na kumwandikia "Vizuri sana" daftarini kwa wino mwekundu, nikamsifu mbele ya wenzake, na chati, yenye majina ya wenye ng'ombe, nikaibandika ukutani.

Sisi watu wa kahawa tungejuaje? Huku mtu hatangazi ng'ombe wake. Wengine huwaweka kwa rafiki kimya kimya, na wanaojua ni hao wawili tu. Hakuna aliyeniambia, lakini na mimi sikuuliza. Uliponisindikiza stendi ulisema nikifika nikae kwanza, nisikilize, ndipo nifundishe. Nikakucheka, nikasema hayo ni ya enzi zenu za fimbo.

Ijumaa kikao cha wazazi kikafanyika darasani humo humo. Ndugu zake mzee Sayi walikaa mbele ya chati, wakaisoma yote. Si muda mrefu walikuwa wamemwomba ng'ombe wa mahari ya mtoto wa marehemu kaka yao, akaapa zizini kwake wamebaki mbuzi tu. Siku hiyo walimsema hadi akainuka akaondoka. Kesho yake asubuhi alifika kwa kina Minza, akaswaga ng'ombe wake wote, wakiwemo maksai wa kukokota plau. Na mvua zilikuwa zimeshaanza.

Minza aliniambia Jumatatu. Sasa sikiliza kosa langu lenyewe, maana hilo la kwanza unaweza kusema ni ugeni. Alhamisi nilikuwa na semina Bariadi. Chati ile ile niliibandua ukutani kwa aibu, nikaikunja, nikaenda kuibandika mbele ya walimu wenzangu. Nilijua, Baba. Nilieleza watoto walivyochangamka, habari ya maksai sikuigusa. Wakanipigia makofi, nikapewa cheti, nikala na pilau la semina.

Minza hajaja shule tangu wiki hiyo. Jumamosi moja nikajikokota hadi kwao. Niliwakuta familia nzima shambani, wanalima kwa jembe la mkono eneo ambalo maksai wangelimaliza kwa siku mbili.

"Mwangaluka, Madamu," baba yake akanisalimia bila kuweka jembe chini. "Mimi hasira sina. Mtoto ulimwambia aseme kweli, kasema. Ila ungekuja kuniuliza mimi kwanza. Njia si unaijua?"

"Naijua, baba."

"Basi. Tukimaliza kulima atarudi."

Lini, hakusema. Mama yake alinipa strungi, akaniomba radhi kwamba maziwa hakuna. Aniombe radhi mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Minza akaleta daftari lake, amefungua ukurasa ule wa ng'ombe. "Madamu, nilikosea wapi? Nionyeshe nifute."

Nikaitazama tiki yangu nyekundu. Nikamrudishia daftari bila kufuta kitu.

Nilimfuata mzee Sayi kumwomba msamaha. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza, akasema ng'ombe hawarudi pale kwa sababu kila mtu ameshawajua. Sasa kila Jumamosi naenda kulima na kina Minza. Matuta yangu yamepinda, wananicheka, na nafurahi wakinicheka. Jioni namfundisha yaliyompita. Jumatatu nakwenda Bariadi kurudisha cheti na kusimulia sehemu niliyoiruka.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie Kaka, pamoja na shemeji anayekukandia goti. Bibi mwambie shuka lake ndilo ninalojifunika.

Na ule msumari, Baba, usiung'oe wala usitundike kitu. Nikija likizo nataka niukute mtupu.

Ni mimi mwanao, niliyekucheka pale stendi,
Skola