Uso wa Kwenye Pasi

Mama,

Uso umepona. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ulilolingoja, na kwa sababu ndilo linalonitisha.

Hukujua kusoma, na mimi Kiembu sikufundishwa kukiandika, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili changu cha dukani. Utavumilia. Ni Jumapili mchana, nimefunga mapema. Kesho asubuhi nasimama mbele ya mtu wa gunia.

Tangu tukuzike nimeendelea na dawa yako. Mafuta ya mbarika vijiko viwili, ya kondoo kijiko kimoja. Wewe ulipima kwa jicho, ndiyo maana mara nyingine yalikuwa mazito kama ugali. Sabuni ya kunukia nimeiacha. Nanawa kwa maji baridi, nabonyeza kitambaa taratibu bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka napaka. "Ukingoja ikauke, unapaka jiwe," ulikuwa unasema. Moto nimeuhamishia nje, moshi usinifikie. Kwanza yale majimaji ya kwenye kope yakakauka, halafu magamba ya mashavu yakaisha, halafu asubuhi moja nikajitazama kwenye kioo cha kunyolea nikakuona wewe. Kumbe nina mashavu yako. Miaka yote hii sikujua.

Nikalia, kisha nikaenda kufungua duka.

Sasa sikiliza. Unakumbuka siku ya picha za pasi hizi za kuturuhusu kusafiri. Tulipangwa juani, vumbi, jasho, na huu ukurutu ukawaka mpaka macho yakabaki nyufa. Ulimwomba mpiga picha angoje ninawe. Akakwambia, "Mama, hii si harusi." Wakachukua uso wangu wa siku moja mbaya wakaufanya uso wangu wa maisha. Hasira ya jambo hilo ninayo hadi leo, na sina pa kuipeleka.

Juzi nilikuwa natoka Karurumo kwenda Nkubu kuchukua chumvi. Kwenye kizuizi homgadi akaangalia pasi, akaniangalia mimi, akaangalia pasi tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe? Na hii sura mpya umeinunua wapi, bwana harusi?"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha yeye akaacha kucheka. Akasema watu wa msitu wanaopigana na serikali hutembea na pasi za watu waliokufa, na huyu wa kwenye picha anafanana na maiti. Pasi akabaki nayo. Kesho niende kwa chifu nilinganishwe na picha, na mtu wa gunia, aliyefunikwa kichwa asijulikane, aniangalie kupitia yale matundu mawili. Akiinamisha kichwa, basi wewe ni wa msitu, unapandishwa lori la wafungwa. Hasemi kitu, wala haulizwi. Uso wake huuoni, yeye anauona wako.

Nikatafuta shahidi. Hapa kijijini, ndani ya handaki walilotuzungushia, tumerundikwa watu wa kila kilima, na wote wananijua kwa ile skafu niliyojifunga hadi machoni. Nilimwuliza jirani yetu, Mama Wanja, kama ataniapia. Akafikiri sana, maskini. "Mwanangu, skafu nitaiapia. Uso sikuwahi kuuona." Wewe peke yako ulinijua kwa nyuso zote mbili, nawe umelala nje ya handaki, ambako bila pasi siruhusiwi kufika.

Kwa hiyo leo nilishusha rafuni kipande cha sabuni ya kufulia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nikisugua leo, kesho ule uso wa picha utakuwa umerudi. Nikaanza na shavu la kulia. Likawaka kama pilipili, ngozi ikaanza kutuna. Nikapeleka mkono upande wa pili, nikatazama kioo. Mama, lilikuwa shavu lako nililokuwa nalichuna.

Mkono ukakataa.

Na hata nikiacha uchungu kando, nikapiga hesabu kama mfanyabiashara. Nikiurudisha uso ule kesho, itanibidi niurudishe kwa kila kizuizi, kila safari, mpaka nizeeke. Nikamwaga yale maji ya povu. Nikanawa kwa maji baridi, nikapaka mafuta yaliyobaki kwenye chupa. Shavu bado linauma kidogo.

Naogopa. Na woga huleta jasho, jasho huleta mwasho, nami nitakuwa nimesimama mbele ya watu wanaotafuta mkono usiotulia. Nikijikuna tu, watasema dhamiri inaniwasha.

Nilipokuwa mdogo ulinifunga vitambaa vidoleni nisijichane usingizini. Nikavitoa kwa meno. Ndipo ukalala ukinipa mkono wako, ukaniambia, "Shika vidole vyangu, uache uso." Nadhani hukulala kabisa miaka ile.

Kesho nitaenda na uso huu uliouhangaikia. Mikono nitaishikanisha nyuma, vidole kwa vidole, nijifanye upande mmoja ni wako. Wakinirudishia pasi, au kichwa kile kikiinama, nakuahidi jambo moja lililo ndani ya uwezo wangu: sitajikuna.

Wewe lala sasa, Mama. Vidole nimevishika.

Mwanao,
Nyaga