Bwana Yangu Hasemi

Lubumbashi, tarehe 4 Machi 2024

Baba mukwe Katongo,

Jambo sana. Huko Pweto muko bazima? Mugongo unawasumbua tena? Siye tuko, mutoto wetu Exaucée amepona malaria.

Baba, ninaandika barua kwa sababu kwa telefone bwana yangu Osée atasikia. Bwana yangu hasemi. Leo siku kumi na tisa. Nilimucheka mbele ya rafiki yake, basi. Hapigi, hatukani. Akitaka kitu anatuma mutoto: "Ambia mama yako chumvi haitoshi." Na miye niko pale pale mezani.

Zamani aliniambia hata nyie, Baba, mulikuwa munanyamaza hivyo. Mama Clotilde, Mungu amupumzishe, alikuwa anafanya nini?

Binti yenu,
Wivine

Pweto, tarehe 2 Aprili

Binti yangu Wivine,

Salamu nyingi. Mugongo iko vilevile, ni uzee.

Clotilde alikuwa anaomba pardon tu, hata pasipo kosa. Na Osée, akiwa na miaka kumi na moja, alipoteza wavu wangu ziwani. Sikumusemesha miezi, mupaka mvua iliporudi. Baba yangu miye alikuwa anapiga. Nikafikiri miye niko muzuri kumupita. Kila asubuhi mutoto aliniamkia. Siku moja akaacha. Nikaona amepata adabu.

Mupe Osée hii barua asome.

Baba yako,
Katongo

Lubumbashi, tarehe 20 Mei

Baba,

Munaamkaje? Barua aliisoma amesimama. Akauliza: "Nani alikuambia uandike?" Neno la kwanza, nikafurahi. Ingine haikufuata.

Wiki iliyopita nilimugombeza Exaucée. Hakunijibu siku mbili. Mutoto wa miaka sita, Baba! Nikakusanya nguo zetu. Tuko kwa mama yangu, Kasapa.

Binti yenu,
Wivine

Pweto, tarehe 30 Juni

Binti yangu,

Nguvu iko? Mutoto anakula?

Nilipanda camion mupaka kwa Osée. Kwenu sikupita, niliona haya. Alinipikia bukari, akanitandikia kitanda. Nikamwambia: "Kosa lilikuwa langu." Akakaa, mikono kwa magoti. Kisha akasema: "Baba, maneno niko nayo. Yanafika kwa koo, yanasimama."

Nikasema, "Twende Kasapa." Akavaa viatu. Tulifika mupaka kwa barabara. Akageuka, akarudi ndani. Nilibaki siku mbili tena, kisha nikapanda camion peke yangu.

Sikuombi umurudilie. Weye ndiye unajua. Ila Exaucée akinyamaza tena, usingoje aanze yeye. Muendee. Asipojibu, musemeshe tu, na kesho tena. Mukubwa ndiye anaanzaka. Miye sikujua.

Baba yako,
Katongo