Karatasi za Mifukoni

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na wanangu wote hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za ofisini zinakuonea. Umemwona daktari, au bado unajifanya wewe ndiye daktari? Mimi mwili ni mzima. Nina uchovu tu, na si ule wa kulala ukaisha. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Bado niko kwa dobi. Najua unavyojiuliza, msichana aliyesoma mpaka chuo anafanya nini kwenye mvuke na sabuni. Napekua mifuko. Kila nguo inayoingia lazima mifuko yake ipinduliwe kabla ya kufuliwa. Kinachopatikana nakitia kwenye bahasha ya kaki, naandika namba ya tiketi, napiga pini, na nguo ikishakauka bahasha inaning'inizwa nayo kwenye hanga. Vifungo, funguo, orodha za sokoni, siku moja hata meno ya bandia. Baada ya miaka miwili nawajua watu kwa mifuko yao kuliko kwa sura zao.

Na unanijua nilivyo. Nikimwona mtu nisiyemjua, ulimi unaniwasha nimwambie asome nini. Wewe mwenyewe uliniita Mchwa tangu utotoni, kwa jinsi nilivyotafuna vitabu. Lakini kaunta haina nafasi ya maongezi, kila mtu ana haraka, basi nikaanza kuandika. Nikikuta picha ya mtoto iliyochakaa, au barua iliyokunjwa mpaka ikakatika, namwandikia mwenye nguo jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi, na nyuma yake maneno mawili matatu ya kumshawishi. Karatasi inaingia kwenye bahasha pamoja na vitu vyake.

Mzee wetu wa pasi alinifuma wiki ya kwanza. Akaniita Mganga wa Mifuko, akalalamika kwamba yeye ndiye mgonjwa wa karibu na hajapewa dawa. Nikamwandikia. Mpaka leo yuko ukurasa wa sita. Anasema ukurasa huo ni mtamu, hana haraka nao.

Kisha siku moja mke wa mtu aliingia akiwa ameishika karatasi yangu kwa ncha za vidole, kama anayetupa panya. Nilikuwa nimeandika kwamba mwanzo ni mgumu, avumilie, raha iko mbele. Alitaka kujua raha gani, na mbele ya wapi. Hakuwa ameigeuza karatasi aone jina la kitabu. Mumewe, aliyekokotwa mpaka pale, aliapa kwamba hajagusa kitabu tangu amalize shule, na mkewe akasema hapo tu ndipo anapomwamini. Walitoka wakicheka. Mama mwenye duka hakucheka. Aliniambia karatasi nyingine moja, na kazi sina.

Nilijizuia siku kumi na mbili. Ndipo likaja sweta la kijivu. Mifukoni mlikuwa na kadi sita za kuingilia wodini, peremende za koo na penseli iliyotafunwa. Nikaandika jina la kile kitabu cha fundi saa anayerudi kwao kwa miguu. Unakikumbuka. Ndicho nilichokuwa nikimsomea mama.

Mwenye sweta, mama mtu mzima wa sauti ya chini, aliifungua bahasha palepale kaunta. Hakugomba. Aliuliza jambo moja tu, kama huyo fundi anafika kwao. Mumewe amelazwa, alisema, na anapenda kusomewa, lakini hadithi zenye mwisho wa kilio amezikataa. Kilio chake mwenyewe kinamtosha. Nikamwambia anafika. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimekisoma kitabu chote.

Alirudi baada ya mwezi na koti la kiume. Mifuko yote ilikuwa imekwisha kupinduliwa, haina hata uzi. Nikajua. Akanieleza taratibu kwamba walikuwa wakisoma kila alasiri, na zilipobaki kurasa kumi mumewe akashindwa kusikiliza, akaomba aambiwe mwisho. Akamwambia anafika, binti wa dobi amesema. Mumewe akajibu, basi vizuri, akafumba macho, na hakusema kitu tena. Sasa yeye peke yake hawezi kukifungua kitabu. Alikuwa amekuja aniulize anafikaje, na nani anamfungulia mlango.

Dada, mwisho wa kitabu kile siujui, na sababu yake lazima uijue.

Siku ya mazishi uliwaambia watu kwamba nilimsomea mama kitabu kile mpaka neno la mwisho. Ulikuwa umeyapata kwangu, nami nilikudanganya. Zilibaki kurasa ishirini na mbili. Mama aliniomba nimalize, naye siku ile nzima hakuwa ameomba kitu, hata maji. Nikamwambia nimechoka, tutamalizia kesho. Sikuwa nimechoka. Nilitaka kutoka nje nione watu wasioumwa. Usiku ule mama akafariki. Asubuhi ulipofika na kuniuliza kama tulimaliza, nikasema ndiyo. Tangu hapo sijamaliza kitabu chochote. Nawatuma wageni wakasome, kisha nasubiri mmoja wao arudi aniambie kinaishaje.

Yote haya nilimwambia yule mama palepale kaunta, mama mwenye duka akisikia. Nilitegemea kofi. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema kumbe tumewadanganya wote wawili, mumewe na mama yangu. Akaniuliza mimi niliishia ukurasa gani.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya mwisho kazini, na simlaumu mama mwenye duka. Mzee wa pasi anasema mganga akiondoka, yeye atafia ukurasa wa sita. Siku hiyo hiyo yule mama atakuja kuchukua koti, na atakuja na kitabu. Tutakaa kwenye benchi lile tusome kwa zamu, kwa sauti, tukianzia nilipoishia mimi. Kama fundi saa hafiki, tutajua hafiki.

Nakala ya mama unayo wewe, kabatini, pamoja na miwani yake. Ndani yake mna uzi mwekundu unaoonyesha tulipofika. Jana niliukumbuka. Kitabu kile ulikifunga wewe mwenyewe asubuhi ile, kabla ya mazishi. Nadhani uliuona uzi uko wapi, dada. Nadhani uliuona, kisha ukasimama mbele ya watu ukasema uliyoyasema.

Kama ndivyo, usiniandikie. Nitakuja mwisho wa mwezi. Uuache uzi palepale ulipo mpaka nifike.

Nisalimie shemeji, na uwabusu wanangu mmoja mmoja, hata yule anayejifuta. Goti ulipeleke kwa daktari.

Ni mimi mdogo wako,
Mchwa