Picha za Kitinda

Jumanne, 4 Machi

Leo nimefundishwa kompyuta kwa simu kama mtoto wa chekechea. Mwalimu ni mwanangu mwenyewe, Profesa. Jina la utani tu, ila kompyuta ndiyo kazi yake huko mbali aliko. Anataka picha za mdogo wake Kitinda zikae kwenye sanduku la siri humo ndani. Mkono uliovunjwa. Jicho lililovimba. Yule mtu — simwiti mkwe tena! — kaponda simu ya mkewe, na yangu aliwahi kuninyang'anya. Mahakamani ni Alhamisi ya wiki ijayo. Bila picha tutaambiwa binti kaanguka bafuni.

Hakuna kubofya. Dirisha jeusi, unaandika amri. Ya kwanza inafungua kufuli: inadai neno la siri, na ukilichapa halionekani! Nikadhani kibodi imekufa. Ya pili inalileta sanduku kwenye folda ya PICHA, ndipo unaweka vitu. Kisha amri za kufunga. Nimefoka hadi Profesa akacheka: Mama, hiyo ni kompyuta, si mimi. Ukiikaripia haiogopi.

Ijumaa, 7 Machi

Kitinda katuma picha mpya kwa simu ya msusi, rafiki yake anayemficha chumba cha nyuma ya saluni. Alama za vidole shingoni. Za vidole! Nimelia, nimetukana, nimelipiga kabati teke. Kasimama nje apate mwanga, nyuma yake bango la saluni, jina zima. Kakonda, mwanangu.

Na yule mtu kaniachia ujumbe wa sauti. Akimpata atammaliza. Anasema taratibu kabisa, kama anaagiza chai.

Umeme ulikatika, kompyuta ikaanza upya. Amri, neno la siri — kimya. Imekubali! Nikatia picha na sauti kwenye PICHA. Kufunga, ikanigunia kwa Kiingereza. Guna tu! Nikavifuta kwenye simu kama Profesa alivyoniagiza, na msusi naye kafuta.

Jumapili, 9 Machi

Natoka kumwona mgonjwa, nakuta vikombe viwili mezani. Baba watoto ananitazama kama aliyevunja sahani. Yule mtu kaja! Kaja kuomba radhi, kapiga magoti, kalia.

— Mama Profesa, mwanamume mzima akilia vile...

— Na shingo ya mwanao, umeiuliza kama inalia?

Kaanza kukusanya vikombe. Leo tunalala mzungu wa nne.

Jumatatu, 10 Machi

Wakili anataka vyote kesho. Nikatulia, nikachapa amri zote, moja baada ya nyingine. Picha za zamani zipo. Za Ijumaa hakuna! Shingo hakuna. Sauti hakuna!

Nimemrukia baba watoto: mmezifuta, wewe na kipenzi chako! Kaapa kwa kaburi la mama yake. Nikampigia Profesa, nikamwambia sanduku lako limekula ushahidi, na likumeze na wewe. Akasema tu, Mama usiguse kitu, niko kazini, kesho. Kazini! Hasira hadi meno yanauma.

Jumanne, 11 Machi

Profesa kauliza swali moja. Mama, Ijumaa ulichapa ile amri ya pili?

Sikuichapa. Nilifungua kufuli, sanduku sikulileta. Vitu vyangu niliviweka kwenye folda tupu, nje. Na jana nilipolileta sanduku, likavikalia juu. Kanichapisha amri ya kuliondoa — vikatokea! Shingo, sauti, vyote! Nimepiga vigelegele peke yangu.

Yeye hakushangilia. Mama, tangu Ijumaa vilikuwa wazi, hata asiye na neno la siri angeviona. Hebu angalia vilivyofunguliwa karibuni.

Nikaangalia. Jumapili mchana. Picha ya shingo. Ile yenye bango.

Nikamgeukia baba watoto. Kasema mwenyewe, akitazama sakafu: kijana aliomba kumwandikia Kitinda barua ya msamaha kwenye kompyuta. Nikamwacha hapo, akasema, nikaenda kumchemshia chai.

Chai!

Jumatatu saluni hufungwa, jana angekuta kufuli. Leo imefunguliwa. Baba watoto kavaa kiatu kimoja, kingine hakioni, analia. Na alie! Profesa anawapigia polisi. Mimi nampigia msusi. Haipokelewi. Tena. Naandika simu ikiwa sikioni, maana mkono huu ukikosa kazi utamuumiza mtu humu ndani. Tena.

Imepokelewa. Msusi haongei. Namwita mwanangu, haongei. Nasikia mashine ya kukaushia nywele inavuma, halafu inazimwa. Na sauti ya mwanamume, taratibu kabisa, kama anaagiza chai —