Muswada wa Ijumaa Alasiri

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Sydney hatujambo. Mama yako yuko zamu hospitali ya Westmead, barakoa imemchubua pua. Umeniuliza kutoka huko bungeni Canberra unakofanya kazi, kwa nini muswada wa korona umepangwa siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya Krismasi. Labda ni mwema. Mimi siuamini.

Katika usichana wangu nilipiga chapa ratiba za bunge kule nyumbani. Mara moja bosi aliuhamisha muswada wa ardhi kutoka Jumatatu hadi Ijumaa alasiri. Ijumaa hiyo masanduku ya wabunge wanaokwenda likizo yalijaa mlangoni, wakaupitisha muswada bila kuusoma, wakiitikia "Ndiyo!" huku wamesimama.

Nami nikafurahi kumaliza mapema, nikawahi basi la kwenda shambani kwetu. Sikujua kwamba kwa "Ndiyo" ile shamba lile halikuwa letu tena.

Bibi yako